Difu Kubwa ni Ipi? Lugha ya Uwiano wa Difu katika Gereji za Machakos

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa nomino. Kuanzia siku za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, hadi kuasisiwa kwa BAKITA mwaka 1967 na kazi iliyofanywa na TUKI baadaye, swali lililotangulia mengine yote lilikuwa hili: kitu hiki kigeni kiitweje? Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) ni tunda la swali hilo, na ni tunda jema. Hata hivyo, kuna mahali ambapo nomino zimekwisha kupatikana, tena bila ya kamati yoyote, na bado mawasiliano huvunjika. Mahali hapo ni gereji.

Makala haya yanachukua kazi moja ya ufundi, yaani kubadilisha uwiano wa difu ya pikapu, na kuichunguza kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Dai la makala ni kwamba udhaifu wa Kiswahili cha gereji hauko katika majina ya vyuma bali katika vivumishi vinavyoandamana na majina hayo, na kwamba udhaifu huo una gharama inayoweza kuhesabiwa kwa shilingi.

Machakos imechaguliwa kwa sababu ya ardhi yake. Mji huu uko katika kimo cha mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya vilima vya Iveti, huku vilima vya Mua navyo vikiwa si mbali. Reli ya Uganda iliupita kando na kufika Nairobi mwaka 1899. Tangu hapo mzigo wa Machakos umetegemea barabara. Pikapu moja hupanda vilimani na mawe ya ujenzi au mapipa ya maji leo, kesho ikashuka na maembe kuelekea Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60 wa lami. Tena hewa ya kimo hicho ni nyepesi, na injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo pale Mombasa. Gari ni lilelile, dereva ni yuleyule, lakini mahitaji ni mawili yanayopingana. Ndiyo maana suala la difu huzuka.

Kazi yenyewe

Msomaji ambaye hajawahi kulala chini ya gari anahitaji maelezo mafupi. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikateremka kwa propela, ikaingia katika difu iliyo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani ya difu kuna gurudumu dogo la meno liitwalo pinioni, ambalo hushikana na gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni. Krauni yenye meno 41 ikisukumwa na pinioni yenye meno 10, propela itazunguka mara 4.1 ili gurudumu la gari lizunguke mara moja. Huo ndio uwiano. Krauni ya meno 39 kwa pinioni ya meno 8 inatoa 4.875.

Tofauti ya namba hizo mbili huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini barabarani ni kubwa. Pikapu iliyohama kutoka 4.1 hadi 4.875 hupata nguvu ya kuvuta iliyozidi ya awali kwa takriban asilimia 19 katika kila gia. Bei yake hulipwa kwenye lami. Chukua gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 69 hivi, na gia ambayo giaboksi haibadilishi mzunguko, kwa kawaida gia ya nne. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,540 kwa dakika sasa itazunguka mara 3,020. Kelele huongezeka, na mafuta pia.

Wapo wanaobadilisha difu kwa sababu nyingine: wameweka magurudumu makubwa zaidi. Gurudumu la inchi 31 mahali pa lile la inchi 27 hufanya 4.1 iwe kama imepungua, na ili gari lirudi lilivyokuwa panahitajika uwiano wa 4.7 hivi. Jozi yenye namba hiyo hasa si rahisi kupatikana, kwa hiyo mwenye gari huchagua kati ya 4.556 na 4.875.

Kwa pikapu ambazo kichwa chote cha difu hutoka kwa mbele baada ya kuvuta ekseli, njia nyepesi ni kununua kichwa kilichokwisha kupangwa na kukipachika. Njia ngumu ni kubadilisha krauni na pinioni peke yake. Magurudumu haya mawili hukamilishwa kiwandani yakisuguana, na kwa kawaida huandikwa namba moja ya utambulisho. Krauni ya jozi moja haiozwi kwa pinioni ya jozi nyingine hata kama meno yanalingana kwa idadi. Fundi hupanga kina cha pinioni kwa vibati vyembamba, hukaza beringi kwa kipimo, kisha hupima nafasi iliyoachwa baina ya meno. Katika difu nyingi za Toyota nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, yaani unene wa nywele moja au mbili. Mwishowe hupaka meno rangi, akazungusha, akasoma alama iliyobaki.

Pikapu inayoendeshwa na magurudumu yote manne ina difu mbili, na zote mbili lazima zibadilishwe. Ya mbele ikibaki 4.1 na ya nyuma ikawa 4.875, basi siku dereva atakapounganisha magurudumu ya mbele kwenye barabara kavu, ekseli mbili zitavutana mpaka kitu kikatike.

Difu, chifu na pampu

Mwanafonolojia atafurahia kuona jinsi majina haya yalivyojengwa. Neno la Kiingereza lilikatwa kwanza, likabaki silabi moja inayoishia kwa konsonanti /f/. Kisha Kiswahili kikaifungua silabi hiyo kwa irabu /u/, ikapatikana difu. Irabu hiyo haikuokotwa. Konsonanti za midomo huelekea kuvuta /u/ mwishoni mwa neno la mkopo, kama inavyoonekana katika chifu, pampu, timu na kilabu. Konsonanti nyingine nyingi huvuta /i/, nasi ndiyo sauti ya beringi, gasketi, pinioni na krauni. Mafundi wasiowahi kuhudhuria mhadhara hata mmoja wa isimu wamezifuata kanuni hizi bila kukosea.

Maana nayo imepanuka. Kwa mhandisi, kifaa cha difu hasa ni zile gia ndogo za ndani zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa mwendo tofauti kwenye kona, wazo ambalo Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliliwekea hataza katika miaka ya 1820. Krauni na pinioni ni kitu kingine kilichowekwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Gereji imeliita jumba zima difu, na hapo ndipo uwiano wa krauni na pinioni ulipopata kuitwa uwiano wa difu. Hakuna ubaya. Kiingereza cha mitaani kimefanya vivyo hivyo.

Lakini utajiri mkubwa uko katika vitenzi, na hapa Kiswahili hakikukopa chochote. Difu mbovu inalia. Beringi iliyolegea inacheza. Meno yamelika. Gari linavuta, au limegoma kupanda. Mtoto wa miaka sita naye husema jino lake linacheza, na ni kitenzi kilekile, kwa maana ileile, kuhusu kitu chenye jina lilelile. Hali kadhalika, wahandisi wa Kiingereza wanaposoma alama ya rangi kwenye jino la krauni, huziita ncha mbili za jino kidole cha mguu na kisigino. Jino lenye kisigino ni kiumbe cha ajabu, lakini fundi wa Kiswahili anaweza kulipokea bila taabu, maana lugha yake imekwisha kukipa chuma mdomo wa kulia.

Kubwa, ndogo, nzito

Sasa mteja anaingia gereji na kusema: "Fundi, nataka difu kubwa." Sentensi hiyo haina kosa lolote la kisarufi. Ina maana tatu.

Maana ya kwanza ni ya umbo. Difu kubwa ni ile yenye krauni pana zaidi na nyumba nzito zaidi, inayostahimili mzigo mkubwa. Pikapu mbili zinaweza kuwa na uwiano mmoja na difu za ukubwa tofauti. Toyota, kwa mfano, imetengeneza krauni za inchi 7.5 na za inchi 8. Maana ya pili ni ya namba: 4.875 ni kubwa kuliko 4.1. Maana ya tatu ni ya mwendo. Anayeita gia ya tano gia kubwa kwa kuwa ndiyo ya mbio, kwake difu kubwa ni ile ya kukimbia, na difu ya kukimbia ni ile yenye namba ndogo, kama 3.909. Maana ya pili na ya tatu zinakinzana kabisa. Mteja anaweza kuagiza nguvu ya kupandia kilima akaletewa mbio za kushukia, na kila mmoja katika mnyororo wa mawasiliano akawa amesema kweli.

Kivumishi kizito hakisaidii. Gia nzito ni gia yenye nguvu, lakini gari zito ni gari lisiloitika haraka linapokanyagwa mafuta. Difu nzito basi ni ipi: inayobeba uzito, au inayolifanya gari kuwa zito? Vitenzi kuongeza na kupunguza navyo vina mtego uleule, kwa sababu kinachoongezeka ni namba wakati kinachopungua ni mwendo. Haifai kudhani kwamba Kiingereza kimeepuka balaa hili. Wasemaji wake nao hubishana kuhusu uwiano wa juu na wa chini, hata baadhi wamekimbilia kusema uwiano mrefu na mfupi.

Gharama ya utata huu haimwangukii mwanaisimu. Krauni na pinioni zilizotumika mara nyingi hufuatwa Nairobi, katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na mitaa ya jirani, ambako mali ikishauzwa hairudi kwa urahisi. Mwenye pikapu aliyekusanya akiba ya msimu wa maembe hulipa nauli, jozi ya gia, oili mpya na siku mbili za fundi. Jozi ikiwa si ile aliyoikusudia, hana jozi wala akiba, na gari liko juu ya mawe.

Utaratibu wa kuunda istilahi unaofundishwa vyuoni, ambao umeelezwa kwa kina katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992), humwongoza mtafiti kutafuta neno katika Kiswahili chenyewe kwanza, kisha katika lugha jirani, na mwishowe katika lugha za mbali. Utaratibu huo unafaa pale neno linapokosekana. Katika mfano huu neno lipo. Kinachokosekana ni njia thabiti ya kulipambanua, na hilo ni suala la kishazi, si la leksia.

Njia moja imo tayari katika sarufi: kihusishi cha a-unganifu. Difu ya mzigo na difu ya mbio ni virai visivyogeuka maana kwa mtu yeyote, kwa kuwa vinataja kusudi badala ya ukubwa. Mteja anapozungumza na fundi, virai hivi vinatosha. Havitoshi mbele ya muuza vipuri, ambaye anahitaji namba.

Tano kasoro thumuni

Namba ya desimali ina kasoro zake. "Nne nukta moja" inaweza kuwa 41 kwa 10, yaani 4.1 kamili, au 37 kwa 9, yaani 4.111 iliyokatwa mkia. Barabarani tofauti hiyo haihisiki. Dukani inahisika sana, maana hizo ni jozi mbili tofauti zisizoweza kuchanganywa. Kusema meno kwa meno huondoa shaka yote: arobaini na moja kwa kumi, thelathini na saba kwa tisa. Tena usemi huu hauhitaji mpangilio maalumu. Baadhi ya orodha za vipuri huanza na pinioni na kuandika 10 kwa 41, nyingine huanza na krauni, na hakuna anayepotea kwa sababu krauni siku zote ndiyo yenye meno mengi. Ni vigumu kupata istilahi inayostahimili kupinduliwa namna hiyo.

Na hapa Kiswahili kina hazina ambayo imeachwa kukusanya vumbi. Hesabu ya zamani ya Waswahili, yenye majina ya Kiarabu, ina neno moja kwa kila sehemu: theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Zijaribiwe kwenye difu. Jozi ya 41 kwa 10 ni nne na ushuri. Jozi ya 37 kwa 9 ni nne na tusui. Jozi ya 41 kwa 9, ambayo kwenye karatasi ni ile 4.556 isiyokwisha, ni nne na tusui tano. Jozi ya 39 kwa 8 ni tano kasoro thumuni, na ile ya 41 kwa 8 ni tano na thumuni.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba jina la sehemu ni idadi ya meno ya pinioni. Anayesema ushuri ametaja meno 10, anayesema tusui ametaja meno 9, anayesema thumuni ametaja meno 8. Desimali huficha habari hiyo. Neno la kale la wafanyabiashara wa pwani huifichua, ingawa halikuwahi kukusudiwa kwa ajili ya gari.

Pingamizi ni nyingi na ni za haki. Maneno haya yamefifia. Nchini Kenya thumuni, au sumuni kwa matamshi ya wengi, ilijulikana zaidi kama sarafu ya senti hamsini, na ushuri unakaribia mno ushuru wa forodha, ambao wengi wangeuwaza kwanza. Isitoshe, mfululizo huu unaishia kwenye kumi. Jozi ya 43 kwa 11 haina jina la neno moja, na pinioni ya meno 11 si nadra. Kwa hiyo haitarajiwi kwamba fundi wa Machakos, ambaye siku yake hupita kati ya Kikamba na Kiswahili, atasema tusui kesho. Kinachopendekezwa ni kwamba mwalimu wa Kiswahili anayefundisha sehemu hizi darasani aache kuzitolea mfano wa chungwa lililokatwa vipande tisa, ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na atumie krauni na pinioni.

Kuhesabu bila kufungua

Uwiano wa difu unaweza kujulikana bila ya kuifungua, na zoezi hili linafaa hata kwa darasa la lugha. Gari huzimwa na giaboksi kuachwa huru. Magurudumu ya mbele huwekewa vizuizi, ekseli ya nyuma huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, kisha breki ya mkono huachiliwa. Alama ya chaki huwekwa kwenye propela na kwenye gurudumu. Magurudumu yote mawili ya nyuma huzungushwa pamoja mara moja kamili, na propela huhesabiwa. Ikizunguka mara nne na kidogo, jozi iko karibu na 4.1; ikikaribia tano bila kufika, ni 4.875. Kwa uhakika zaidi magurudumu huzungushwa mara kumi. Propela ikifika 41 ni nne na ushuri. Ikifika 49 kasoro robo, ni tano kasoro thumuni. Lugha ya kasoro, ambayo wanafunzi wengi huifahamu kwa kusoma saa tu, hapa hufanya kazi ya kupima chuma.

Kidhibiti mwendo na kipima mwendo

Wapo watakaosema kwamba istilahi sanifu haziingii gereji kamwe. Mfano mmoja unawapinga. Tangazo la Kisheria Na. 161 la mwaka 2003, lililofungamanishwa na jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, liliyalazimu magari ya abiria na magari mazito ya biashara kuwekewa kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Magazeti na redio vikakiita kidhibiti mwendo, na neno hilo likashika. Halikushika kwa uzuri wake peke yake. Lilishika kwa sababu asiyelijua alitozwa faini.

Kifaa hicho kinairudisha hoja kwenye difu. Katika pikapu nyingi za zamani, kipima mwendo husoma mzunguko unaotoka kwenye giaboksi, kabla ya difu. Difu ikibadilishwa, kipima mwendo hakina habari. Aliyehama kutoka 4.1 hadi 4.875 ataona 80 kwenye saa yake ilhali anakwenda 67, na kilomita zitakazoandikwa zitazidi zile alizosafiri. Aliyefanya kinyume, kutoka difu ya mzigo kwenda difu ya mbio, atasoma 80 akiwa kwenye 95. Dawa ni kubadilisha gia ndogo ya plastiki inayoendesha kipima mwendo, au kurekebisha kipimo kwa umeme katika magari mapya zaidi. Yale yanayosoma mwendo kutoka kwenye magurudumu yenyewe hayaguswi na mabadiliko haya. Gia hiyo ndogo nayo ina meno yanayohesabika, na huulizwa dukani kwa idadi ya meno hayo.